Uhifadhi wa Uyoga wenye Psilosibini: Umbo, Kemikali, Uhai na Maarifa katika Mfano wa Wamazateki wa Huautla

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna uyoga wenye psilosibini unavyohifadhiwa kwa ajili ya utafiti, na kile kinachopotea katika kila njia ya kuuhifadhi. Mfano uliochaguliwa ni uyoga wa jenasi ya Psilocybe unaotumiwa na Wamazateki wa Huautla de Jiménez, katika jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, kwa kuwa safari yake kutoka mlimani hadi maabara imeandikwa kwa kina tangu miaka ya 1930. Hoja kuu ni kwamba neno "uhifadhi" hufunika kazi nne zinazotofautiana: kuhifadhi umbo, kuhifadhi kemikali, kuhifadhi uhai na kuhifadhi maarifa. Njia inayofaa kwa kazi moja huweza kuiharibu nyingine. Makala yanaonesha kwamba makosa makubwa katika historia ya uyoga huu yalitokana na kutotenganisha kazi hizo, na kwamba kazi ya nne, yaani kuhifadhi maarifa ya wenye uyoga, ndiyo iliyopewa nafasi ndogo kuliko zote.

1.0 Utangulizi

Uyoga ni tunda la kuvu ambayo sehemu yake kubwa hujificha ardhini, ndani ya mti uliooza au katika samadi. Huchomoza baada ya mvua, hutawanya spora zake, kisha huoza ndani ya siku chache. Takribani asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayeuchuma huanza kushindana na muda papo hapo: rangi hubadilika, kofia hulegea, mabuu ya wadudu hutoboa shina, na bakteria huanza kazi yake. Jambo hili ni la kawaida kwa uyoga wa kila aina, uwe wa kuliwa au wa sumu.

Uyoga wenye psilosibini una ugumu wa ziada. Thamani yake kwa sayansi haipo katika umbo peke yake. Ipo pia katika kampaundi mbili, psilosibini na psilosini, ambazo hubadili fahamu, hisia na namna mtu anavyouona ulimwengu. Kampaundi hizi huharibika kwa mwendo tofauti na umbo. Uyoga unaweza kuonekana mzima kabatini huku kemikali yake imekwisha. Na unga usioweza kutambuliwa kwa macho unaweza kuwa na kemikali tele.

Aidha, suala hili lina upande wa kisheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu Dawa Zinazoathiri Akili uliziweka psilosibini na psilosini katika Jedwali la Kwanza, ambalo ndilo lenye udhibiti mkali zaidi. Hivyo, katika nchi nyingi kuhifadhi sampuli zenye kampaundi hizo huhitaji kibali cha mamlaka husika, hata pale lengo linapokuwa la kitaaluma. Maelezo yanayofuata yanahusu uhifadhi wa namna hiyo, yaani ule unaofanywa na hebaria, maabara na jamii zenye asili ya maarifa yenyewe.

2.0 Uyoga mbichi na msimu wa mvua

Wamazateki huishi katika milima ya kaskazini mwa Oaxaca. Katika lugha yao uyoga huu huitwa ndi xijtho, jina lenye maana inayokaribia "vidogo vinavyochipuka". Kwa Kihispania wenyeji huuita pia watoto watakatifu. Majina haya yanaonesha kwamba uyoga hauchukuliwi kuwa kitu tu. Ni mwenye kusema, naye mganga ni mwenye kusikiliza na kufikisha maneno. Hutumiwa katika vikao vya usiku, mbele ya madhabahu ya nyumbani, kwa lengo la kutambua chanzo cha ugonjwa au msiba. Huhesabiwa na kuliwa kwa jozi.

Spishi zinazotumiwa ni zaidi ya moja. Psilocybe caerulescens hupenda udongo uliobomoka katika maporomoko. Psilocybe mexicana ni mdogo na huota kwenye malisho. Psilocybe cubensis huota katika samadi ya ng'ombe. Zote hutegemea mvua, ambazo katika milima hiyo huanza kushika mwezi Juni. Uyoga unaopendelewa ni uliochumwa karibuni. Maana yake ni kwamba uponyaji nao una msimu: katika miezi ya kiangazi mganga huweza kuwa na mgonjwa mlangoni bila kuwa na uyoga wa kumtibia.

Katika vyanzo vya karne ya 16, Bernardino de Sahagún, mtawa wa Kihispania aliyekusanya habari za Wanahua, aliandika kwamba uyoga ulioitwa teonanácatl uliliwa pamoja na asali. Asali inajulikana kuwa na uwezo wa kuzuia bakteria, kwa kuwa hunyonya maji na ina asidi. Hata hivyo, habari ya Sahagún inahusu kula, haihusu kuweka akiba. Kuichukua kuwa ushahidi wa mbinu ya kale ya uhifadhi ni kuyasomea maandishi yake jambo yasiyolisema. Tahadhari hii ni muhimu, kwani historia ya uyoga huu imejaa hitimisho lililotolewa juu ya ushahidi uliokauka au kuoza.

3.0 Makosa yaliyotokana na sampuli

Kosa la kwanza linalofaa kuelezwa ni la mwaka 1915. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, William Safford, alidai kwamba teonanácatl haikuwa uyoga kamwe. Kwa maoni yake, wenyeji walikuwa wakitumia peyote, aina ya kaktasi isiyo na miiba ambayo vichwa vyake hukatwa na kukaushwa. Kichwa cha peyote kilichokauka hufanana na uyoga uliokauka, naye Safford alihitimisha kwamba watawa na watoa habari wao walichanganya vitu viwili. Hoja hiyo ilikubaliwa na wengi kwa takribani miongo miwili. Kiini cha kosa hilo ni dhana kwamba kitu kikavu kinatosha kujieleza chenyewe. Kukausha huondoa rangi, unyevu, harufu na uwiano wa sehemu. Vitu viwili visivyo na undugu wowote huweza kutoka katika jua vikiwa na sura moja.

Kosa la pili lilikuwa la vitendo. Mwaka 1936 Robert Weitlaner alipata uyoga huko Huautla na kumpelekea Blas Pablo Reko, daktari aliyekuwa amempinga Safford kwa miaka mingi. Reko alituma sampuli katika Chuo Kikuu cha Harvard. Zilipofika zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba hazikuweza kutambuliwa kwa uhakika hadi ngazi ya spishi. Ushahidi wa kumaliza mjadala ulikuwa umepatikana, ukaozea njiani.

Mwaka 1938 Richard Evans Schultes, aliyekuwa mwanafunzi wa Harvard, alifika Huautla pamoja na Reko na kukusanya sampuli upya. Katika maandishi yake ya awali uyoga uliotajwa ulikuwa wa jenasi ya Panaeolus. Baadaye Rolf Singer alizichunguza tena sampuli za safari hiyo zilizohifadhiwa Harvard na kutambua miongoni mwake spishi ambayo leo huitwa Psilocybe cubensis. Tukio hili ndilo linaloonesha thamani ya hebaria. Tafsiri ya kwanza haikukamilika, lakini sampuli ilibaki, na kwa kuwa ilibaki, tafsiri iliweza kusahihishwa. Sampuli za 1936 hazikutoa nafasi hiyo.

4.0 Kutoka Huautla hadi Paris na Basel

Usiku wa tarehe 29 Juni 1955, R. Gordon Wasson, mfanyakazi wa benki wa New York aliyevutiwa na nafasi ya uyoga katika tamaduni, alishiriki katika kikao kilichoongozwa na mganga wa Kimazateki, María Sabina. Mwaka uliofuata alirudi akiwa na Roger Heim, mtaalamu wa kuvu na mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa ya Historia Asilia ya Paris. Heim alikusanya sampuli, akazielezea spishi kadhaa kitaalamu, ikiwemo Psilocybe mexicana mwaka 1957, na kupeleka nyuzikuvu hai Paris. Huko, kwa msaada wa Roger Cailleux, uyoga uliweza kuoteshwa ndani ya maabara. Kwa mara ya kwanza uyoga wa Huautla haukutegemea mvua ya Huautla.

Uyoga uliooteshwa na kukaushwa Paris ulipelekwa Basel, Uswisi, kwa mkemia Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz. Hapo swali la uhifadhi likawa swali la msingi la utafiti. Majaribio kwa wanyama hayakutoa matokeo yanayoeleweka. Mashaka yakazuka: je, uyoga uliooteshwa mbali na kwao na kisha kukaushwa bado ulikuwa na nguvu yoyote? Ikiwa haukuwa nayo, kuendelea kuuchambua kungekuwa kazi bure. Hofmann alilijibu swali hilo kwa kula mwenyewe uyoga mkavu 32 wa Psilocybe mexicana, wenye uzito wa gramu 2.4. Athari zilikuwa kubwa. Baada ya hapo yeye na wenzake walizijaribu nafsini mwao sehemu zilizotengwa, hatua kwa hatua, na mwaka 1958 walitangaza kampaundi mbili walizozipa majina ya psilosibini na psilosini. Muda mfupi baadaye psilosibini iliundwa maabara bila kuhitaji uyoga.

Jaribio hilo la Hofmann haliwezi kuwa kielelezo cha maadili ya utafiti wa leo. Hata hivyo, linaeleza vizuri tofauti kati ya kazi mbili za uhifadhi. Sampuli ya Heim iliyothibitisha jina la spishi haikuweza, kwa jina hilo pekee, kuthibitisha kuwa kemikali ilikuwa imebaki. Umbo lilishuhudiwa na hadubini. Kemikali ilihitaji shahidi mwingine.

5.0 Kemia ya kubaki na kupotea

5.1 Rangi ya buluu

Psilosibini ni psilosini iliyofungwa kundi la fosfati. Kundi hilo huilinda molekuli dhidi ya oksijeni. Likiondolewa, hubaki psilosini, ambayo ndiyo inayofanya kazi katika ubongo lakini ni dhaifu mbele ya hewa. Hii ndiyo sababu uyoga wa jenasi hii ukiminywa au kukatwa hugeuka buluu. Jina caerulescens lenyewe, kwa Kilatini, humaanisha "wenye kugeuka buluu".

Kwa muda mrefu rangi hiyo ilijulikana bila kuelezwa kikamilifu. Mwaka 2020 watafiti wa Jena, Ujerumani, walionesha kwamba jeraha huviachia vimeng'enya viwili. Cha kwanza huikata fosfati kutoka kwenye psilosibini. Cha pili huioksidisha psilosini, na molekuli zake huungana kuwa minyororo mifupi yenye rangi ya buluu. Kwa hiyo, buluu ni dalili yenye pande mbili. Kwa mtambuzi wa uwandani huashiria kuwepo kwa kampaundi. Kwa mhifadhi huashiria kwamba sehemu ya kampaundi hizo imeshapotea. Sampuli iliyoshikwa ovyo hupoteza kile kinachotafutwa kabla haijafika mezani.

5.2 Kukausha, kusaga na kugandisha

Kukausha huzuia uharibifu kwa njia mbili. Bakteria na kuvu nyingine hukosa maji ya kustawi, na vimeng'enya hukosa mazingira ya kufanyia kazi. Oksijeni, mwanga na joto huendelea kudhuru, lakini kwa mwendo wa polepole.

Dhana ya kawaida ni kwamba baridi kali ndiyo mlinzi bora zaidi. Utafiti uliochapishwa na wanasayansi wa Cheki mwaka 2021 kuhusu Psilocybe cubensis uliitikisa dhana hiyo. Uyoga mkavu uliowekwa gizani katika joto la kawaida la chumba ndio uliohifadhi kampaundi vizuri zaidi, ilhali uyoga mbichi uliogandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri ndio ulioonesha upotevu mkubwa zaidi. Maelezo yanayokubaliana na kemia iliyotajwa hapo juu ni haya: barafu hupasua seli, na mipaka iliyotenganisha vimeng'enya na psilosibini huvunjika. Barafu inapoyeyuka, uyoga mzima huwa kama umeminywa. Baridi haikuondoa maji. Iliyageuza kuwa visu.

Kusaga nako kuna gharama. Unga una eneo kubwa linaloguswa na hewa, hivyo kampaundi huharibika kwa haraka kuliko katika uyoga mzima. Lakini hasara kubwa zaidi ni ya utambuzi. Uyoga uliosagwa umepoteza kofia, shina, pete na mpangilio wa mapezi, yaani alama ambazo mtambuzi hutegemea. Galerina marginata, uyoga mdogo wa kahawia wenye sumu za amatoksini zinazoua ini, huweza kuota mahali pamoja na baadhi ya spishi za Psilocybe na kufanana nazo. Uyoga huo ukichanganyika katika mkusanyo na kukaushwa, tofauti hufifia. Ukisagwa, hutoweka machoni. Kwa hebaria hilo ni kosa la kitaaluma. Kwa mtu anayemeza asichokijua ni hatari ya kifo.

5.3 Kipimo cha karne

Muda wa kudumu kwa kampaundi umepimwa katika sampuli za zamani za Psilocybe semilanceata, spishi ya malisho ya Ulaya. Wachunguzi wa Ufini waliripoti mwaka 1987 kwamba sampuli ya mwaka 1869 ilikuwa bado na psilosibini, lakini kwa kiasi cha asilimia 0.014 tu ya uzito mkavu. Sampuli za miongo ya karibuni zilikuwa na kiasi kikubwa mara nyingi zaidi. Matokeo hayo yana funzo la pande mbili. Kwanza, ukavu huweza kubakiza alama ya kemikali kwa zaidi ya karne. Pili, alama si kipimo: kiasi kinachopatikana leo katika sampuli ya kale hakisemi uyoga ulikuwa na nguvu gani siku ulipochumwa. Mtafiti anayelinganisha spishi kwa kutumia sampuli za umri tofauti huenda akawa analinganisha miaka ya makabati.

6.0 Hebaria: kuhifadhi umbo na jina

Utaratibu wa hebaria huanza kabla ya kukausha. Uyoga hupigwa picha na kuelezwa ukiwa mbichi: rangi, harufu, unyevu wa kofia, mabadiliko ya rangi pale unapoguswa, mahali ulipoota na mimea iliyo jirani. Kofia huwekwa juu ya karatasi ili kupata alama ya spora na rangi yake. Kisha uyoga hukaushwa kwa hewa vuguvugu inayopita, kwa kawaida karibu nyuzi 40, hadi ukatike kwa sauti unapokunjwa. Joto kali huupika badala ya kuukausha. Huwekwa katika bahasha ya karatasi, hugandishwa kwa siku kadhaa ili kuua wadudu na mayai yao, kisha hupangwa mahali pakavu na penye giza. Ugandishaji huo haudhuru kama ule wa uyoga mbichi, kwa kuwa maji yameshaondoka.

Hapa ndipo methali ya Kiswahili isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari inapopata maana ya kitaalamu. Bahasha isiyo na maelezo ya mahali, tarehe na mkusanyaji ni takataka kavu, hata kama uyoga uliomo ni mzima. Spishi mpya inapotangazwa, sampuli moja huteuliwa kuwa kielelezo cha jina, na watafiti wote wa baadaye huilinganisha nayo mikusanyo yao. Gastón Guzmán wa Meksiko, aliyechapisha mwaka 1983 kitabu cha rejea kuhusu jenasi nzima ya Psilocybe, alijenga kazi yake juu ya ulinganisho wa namna hiyo.

Sampuli kavu zimeendelea kutoa majibu kwa maswali ambayo wakusanyaji wake hawakuyajua. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani na Meksiko walichapisha uchambuzi wa jenomu za sampuli 52 za Psilocybe, nyingi zikiwa vielelezo vya majina vilivyokuwa kabatini. Spishi 39 kati yake hazikuwa zimewahi kusomwa vinasaba. Uchambuzi huo ulikadiria kwamba uwezo wa kutengeneza psilosibini ulianza katika jenasi hii takribani miaka milioni 65 iliyopita. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa sampuli zilikaushwa bila kuungua. Sampuli zilizotumbukizwa katika formalini, ingawa umbo lake hukaa vizuri, huwa na vinasaba vilivyoharibika na kufungamana.

7.0 Kuhifadhi uhai

Njia ya tatu haihifadhi tunda. Huhifadhi kuvu yenyewe ikiwa hai. Kipande kidogo cha ndani ya shina huwekwa katika chakula kilichotakaswa dhidi ya vijidudu, nyuzikuvu zikasambaa, kisha zikahamishiwa katika chupa mpya kila baada ya muda. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kuvu inayohamishwa mara nyingi hubadilika: huweza kukua polepole, kuacha kuzaa uyoga, au kupungua katika utengenezaji wa kampaundi. Ili kupunguza mabadiliko hayo, benki za kuvu huziweka nyuzikuvu chini ya maji yaliyochujwa kabisa au mafuta ya madini, au katika naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, zikiwa zimeongezewa vimiminika vinavyozuia fuwele za barafu kupasua seli.

Inafaa kuona kwamba baridi ileile iliyoharibu uyoga mbichi huwa mlinzi hapa. Tofauti iko katika maandalizi na katika lengo. Huu ni ushahidi mwingine kwamba swali la "njia ipi ni bora" halijibiki kabla ya kuuliza kinachokusudiwa kubaki.

8.0 Kile kisichotoshea katika bahasha

Mwaka 1962 Hofmann alifika Huautla akifuatana na Wasson, akiwa na vidonge vya psilosibini iliyoundwa maabara. María Sabina alivitumia katika kikao cha usiku. Kwa mujibu wa Hofmann, alisema kwamba vidonge vilikuwa na nguvu ileile ya uyoga, na aliachiwa chupa ya vidonge ambavyo vingemwezesha kuwahudumia watu hata katika miezi isiyo na uyoga. Kwa mtazamo wa kemia, huu ulikuwa ushindi kamili wa uhifadhi: msimu umevukwa, nguvu imebaki, mganga mwenyewe amethibitisha.

Lakini kilichothibitishwa kilitokea ndani ya kikao chake, kwa lugha yake, kwa nyimbo zake na mbele ya watu waliomjua. Vidonge vilifanya kazi pale ambapo maarifa yalikuwa bado hai. Upande wa pili wa historia unaonesha hali ilivyokuwa pale maarifa yalipotenganishwa na uyoga. Makala ya Wasson katika jarida la Life, yaliyotoka Mei 1957, yalimficha mganga kwa jina la bandia, lakini kificho hicho hakikudumu. Katika miaka ya 1960 wageni walimiminika Huautla wakitafuta uyoga bila ugonjwa, bila kikao na bila utaratibu. Vyombo vya dola viliingilia kati. María Sabina alilaumiwa na baadhi ya watu wake, na nyumba yake ikachomwa moto. Katika simulizi ya maisha yake iliyochapishwa na Álvaro Estrada mwaka 1977, alieleza kwamba tangu wageni walipofika, uyoga ulipoteza nguvu yake. Alifariki mwaka 1985.

Kauli hiyo haipaswi kusomwa kama kosa la kemia. Hakuna kipimo cha maabara kinachoikanusha, kwa kuwa haikuwa ikizungumzia asilimia ya uzito mkavu. Ilizungumzia uhusiano kati ya uyoga, mganga na mgonjwa, ambao ndani yake uyoga "husema". Uhusiano huo nao huharibika, na una masharti yake ya kudumu: lugha inayozungumzwa, vijana wanaojifunza, faragha inayoheshimiwa, na mlima unaoendelea kuotesha uyoga.

Mkataba wa mwaka 1971 wenyewe uligusa jambo hili kwa kiasi. Ibara ya 32 iliruhusu nchi kuweka hifadhi ya kisheria kwa ajili ya mimea ya porini inayotumiwa kimapokeo na makundi madogo yanayojulikana katika ibada zao, na Meksiko ilitumia nafasi hiyo. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, iliongeza wajibu wa kupata ridhaa na kugawana manufaa pale rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanapotumiwa. Hata hivyo, sampuli za Huautla zilizomo katika makabati ya ng'ambo zilichukuliwa kabla ya wajibu huo kuwepo.

Mfano wa karibuni kutoka kusini mwa Afrika unaonesha mwelekeo tofauti. Spishi mbili mpya, Psilocybe ingeli na Psilocybe maluti, zilielezwa kitaalamu katika makala yaliyohusisha pia matumizi ya uyoga miongoni mwa waganga wa Basotho. Jina la Kisotho, koae-ea-lekhoaba, limeingia katika rekodi ileile yenye jina la Kilatini. Sampuli na neno vimehifadhiwa pamoja.

9.0 Hitimisho

Mjadala umeonesha kwamba uhifadhi wa uyoga wenye psilosibini una malengo manne yasiyoweza kutimizwa kwa njia moja. Ukavu mpole hulinda umbo, vinasaba na, kwa muda, kemikali. Kusaga hurahisisha uchambuzi lakini huondoa utambulisho. Baridi kali hulinda nyuzikuvu zilizoandaliwa na huharibu uyoga mbichi. Uundaji wa kampaundi maabara huuvuka msimu lakini hauchukui chochote cha kikao. Safford alipotoshwa na ufanano wa vitu vikavu. Sampuli za 1936 ziliharibika safarini. Wachunguzi wa Basel hawakuweza kuitegemea sampuli kavu bila kuijaribu. Katika kila tukio, tatizo lilikuwa ni kudhani kwamba kilichobaki ndicho kilichokuwa kikitafutwa.

Pendekezo linalotokana na uchambuzi huu ni la kiutendaji. Kila bahasha ya hebaria yenye uyoga uliokusanywa katika jamii inayoutumia iwe na mambo manne zaidi ya mahali, tarehe na mkusanyaji: jina la uyoga katika lugha ya wenyeji na maana yake; njia na joto lililotumika kukausha, ili vipimo vya kemikali vya baadaye viweze kufasiriwa; masharti ya ridhaa yaliyokubaliwa na jamii husika; na kile ambacho jamii hiyo imeomba kisiandikwe. Jambo la nne ni la lazima kama yale matatu. Katika Huautla, jina la mganga, sura yake na kijiji chake vilihifadhiwa na kusambazwa kwa ukamilifu kuliko uyoga wenyewe, na gharama ya uhifadhi huo aliilipa yeye.